Mwalimu Alipokuja Kumposa Shangazi

Jumamosi iliyopita nilifunga duka mapema, nikaenda kula katika hoteli ndogo nyuma ya soko la Kakamega. Niliagiza kuku wa kienyeji, mboga ya mrenda na ugali wa wimbi. Kijana wa hoteli akaniwekea sahani mbele, na pale juu ya paja, imelowa mchuzi, imekaa firigisi. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Kijana alisema tu, "Mama, hiyo nimekuchagulia," akaenda zake kupangusa meza nyingine.

Meza ya jirani walikaa vijana wawili wa ofisini, msichana na mvulana, vitambulisho vyao vya kazi vinaning'inia shingoni. Msichana akasema, "Hebu borrow me charger yako." Mvulana akacheka. "Si unasema lend. Borrow ni ya mwenye anachukua."

"Umenielewa ama hujanielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi leta."

Akampa. Wakaendelea kula na kusengenya bosi wao kana kwamba hakuna lolote lililotokea. Mimi tonge lilinisimama mkononi. Wewe unayesoma hapa, kama hukukulia upande wetu, huwezi kujua kilichonipata. Firigisi katika sahani ya mwanamke, na msichana anayekosea Kiingereza mbele ya mwanamume kisha anaendelea kushiba. Vitu hivyo viwili mimi nilivikuta pamoja mara moja tu utotoni, na siku hiyo nusura nyumba yetu igawanyike.

Nikwambie kwanza mimi ni nani, usije ukadhani unaongea na mtu wa vitabu. Shule niliishia darasa la tano. Sisemi kwa aibu. Nasema kama mtu anavyosema alizaliwa upande gani wa mto. Nauza saruji, mabati, misumari na rangi, na nyumba nyingi unazoziona ukielekea Malava zimesimama kwa mali iliyopita mikononi mwangu. Kiingereza changu nimekiokota dukani, kwa wakandarasi na mainjinia. Kimepinda kama nondo iliyokwisha kutumika kwingine, lakini ukuta kinashika.

Nililelewa kwa nyanya, huko Kabras, boma lililozungukwa na miwa pande tatu. Upepo ukipita kwenye miwa usiku unasikia kama watu wengi wanavuta mikeka. Mchana kulikuwa na harufu ya moshi wa kuni mbichi, na mvua ya alasiri ambayo haikukosa, ikija inanukia udongo kabla haijafika. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kuchambua mrenda, kufagia uwanja kwa majani ya mfagio wa porini, na kukaa jikoni mwa nyanya kupuliza moto. Kukaa jikoni haikuwa kazi. Kule ndiko shangazi alikuwa akiongea.

Shangazi alikuwa mdogo wa mwisho wa baba, na kwetu tulimwita senje. Huyo alikuwa na mdomo, wacha nikwambie. Alimwiga mhubiri akitafuta miwani iliyo usoni mwake. Alimwiga chifu akipanda baiskeli na tumbo lake. Alimwiga kuku anayetoka kutaga na kutangazia kijiji kizima. Wanawake wakifika mtoni kabla yake walikuwa wanakaa juu ya mawe kumngoja, maana bila yeye ndoo zilikuwa nzito kurudi nazo. Nyanya alikuwa akimkemea, "Wewe utaongea mpaka ugali uungue," halafu yeye mwenyewe ndiye anasahau mwiko hewani kwa kucheka.

Ndipo akaja mwalimu.

Alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, ametoka upande wa Chekalini. Shati jeupe, viatu vinavyong'aa hata siku ya matope, na kitambaa cha kupangusia chaki kilichokunjwa vizuri kuliko nguo zetu za kanisani. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Fimbo hakuipenda. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kusikia kosa likapita. Sisi kwetu mtu ni mtu, yeye ni yeye, awe mama au awe baba, kwa hiyo mtoto akisimama kumwelezea mama yake alimwita he, akamfanya mwanamume, na mwalimu akafumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. Tulimwaga l pahali pa r. Ukienda nje kidogo ukamwambia kwa Kiingereza "nakuja", kama tunavyosema sote mtu akitoka ili arudi, alikuzuia mlangoni akuulize, unakuja au unakwenda? Ulisimama pale miguu imebanana, unatafuta jibu, na haja inakungoja. Na hiyo ya kuazima, ambayo kwetu neno ni moja, anayetoa na anayepokea, yeye aliigawa mara mbili, na darasa zima hatukujua siku yoyote tuko upande gani.

Shuleni tulivumilia, maana kengele ililia tukaenda nyumbani. Taabu ilianza alipotufuata nyumbani.

Alimwona shangazi kanisani. Jumapili iliyofuata akaja kusalimia, na iliyofuata tena. Babu alifurahi mno. Kuwa na mkwe mwalimu, wakati ule, ni kama kujengewa barabara mpaka mlangoni. Babu alivaa koti lake la matanga, akatoka uwanjani, akampa mkono na kumsalimia kwa Kiingereza pekee alichokuwa nacho: "Good morning." Ilikuwa saa tisa alasiri. Mwalimu akainama kwa heshima zote, akasema, "Good afternoon, mzee." Babu akarudia. Wiki iliyofuata babu akasema tena good morning, mwalimu akamrekebisha tena, kwa upole uleule, kama anayemfunga mtoto kamba ya kiatu. Babu alicheka, lakini nilimwona akitazama jua kabla ya kuingia ndani.

Shangazi alikaa nao sebuleni, magoti pamoja. Mwalimu alitaka waongee Kiingereza, kwa sababu, alisema, mke wa mwalimu hutembelewa na wakubwa. Shangazi alikuwa amefika darasa la saba, si kwamba hakujua. Lakini alianza kusimulia kitu, ile hadithi ya miwani ya mhubiri kwa mfano, na kabla mhubiri hajaingiza mkono mfukoni mwalimu alikuwa amenyanyua kidole. Akarekebisha. Shangazi akarudia. Akaanza tena, kidole kikanyanyuka. Ile hadithi sijawahi kuisikia ikifika mwisho sebuleni.

Polepole akanyamaza. Kwanza sebuleni tu. Kisha mtoni, wanawake wakamwuliza, "Umeng'olewa meno?" akatabasamu mdomo umefungwa. Kisha jikoni, na hapo ndipo mimi nilipoogopa. Alikuwa anachambua mboga kimya, midomo inacheza kidogo, nami nilijua anapima maneno ndani kabla ya kuyatoa, na mengi hayakutoka. Jiko lilibaki na sauti ya moto peke yake.

Na hofu yangu haikuwa ya shangazi tu. Kwetu msichana akiolewa, aliondoka na mtoto wa kike wa boma lake, akae naye kule ugenini, amtekee maji, na baadaye ambebee mtoto. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Babu alikwisha sema. Ningekwenda kuishi katika nyumba ya mwalimu, nile kwa Kiingereza, nilale kwa Kiingereza, nizuiliwe mlangoni usiku na mchana niulizwe kama nakuja au nakwenda, na mtu pekee aliyejua kunichekesha angekuwa bubu. Nililala chini ya blanketi moja na shangazi nikamshika kanga, kama vile kanga ingemzuia.

Siku moja kabla ya wazee wa mwalimu kuja kuposa, nilikuwa jikoni nalisha moto. Shangazi alimwambia nyanya, kwa sauti ndogo, "Mama, nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba sitaki kuolewa. Nilimwambia kwa Kiingereza chake, nikijua hicho atasikia."

Nyanya akaacha kukoroga. "Akasema?"

"Akasema sentensi haiko sawa. Akanionyesha inavyosemwa. Nikairudia, nikairudia, mpaka ikawa sawa. Akasema vizuri sana. Akaenda nyumbani."

Ugali ulianza kunuka kuungua na nyanya hakuugusa. Halafu akasema, "Kesho tutachinja ile kuku nyekundu," akaendelea kukoroga. Mimi nilikasirika naye. Nilidhani amemwuza.

Sasa nikueleze jambo la kuku, maana siku hizi hata watoto wa Kakamega mjini hawalijui. Kuku kwetu, ingokho, si nyama, ni kauli. Wanawake hawakumla wakati ule, walimpika tu. Na firigisi, ile tunayoita imondo, ilikuwa ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote pale. Wageni wa posa walipikiwa kuku mzima, akapangwa bakulini, firigisi ikawekwa juu kabisa, bakuli likafunikwa. Mzee wa wageni alifunua, akaichukua, wakala. Wakishakula, posa imekubaliwa, na hapo ndipo msichana aliulizwa kama anataka, na wewe niambie ni msichana gani angesema hataki wakati mifupa iko mezani.

Lakini bakuli likifunuliwa na firigisi haimo, basi. Hilo ni tusi la kumtoa mgeni chini ya paa. Sikuwahi kuliona likitendwa. Tulilisikia tu, kama tunavyosikia habari za radi kumpiga mtu wa kijiji kingine.

Walikuja wazee watatu na mwalimu mwenyewe, mvua imekaribia, miwa imeanza kuinama. Mkubwa wao alikuwa ndugu ya baba yake mwalimu, mzee mfupi mwenye kofia ya manyoya, aliyesalimia kwa Kiluhya cha taratibu na kuuliza habari za ng'ombe mmoja mmoja. Babu alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. Nikamsikia akisema good morning. Nikamsikia mwalimu.

Jikoni kuku alikuwa tayari. Harufu yake sijaipata popote tena: siagi ya maziwa iliyokaa kwenye kibuyu, chumvi ya majani ya kuchomwa, moshi kidogo. Shangazi alipanga vipande kimoja kimoja. Mabawa. Mapaja. Kifua. Kichwa na miguu. Firigisi ikabaki chunguni. Akaishika kwa vidole viwili, moto hivyo hivyo, akaitazama. Nyanya alikuwa amekaa kando ya mafiga, anaona, anachokora meno kwa kijiti.

"Fungua mdomo," shangazi akaniambia.

Nilifungua. Akaiweka ndani.

"Tafuna. Usiongee."

Ningeongea na nini? Ilijaa shavu zima. Ilikuwa ngumu kidogo, halafu ikalegea, na utamu wake ulikuwa wa chumvi na wa hatari. Nilitafuna nikitazama mlango. Shangazi akafunika bakuli, akalibeba kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya wazee, akaliweka, akarudi jikoni bila kusema neno. Sote watatu tukasikiliza.

Tulisikia maji ya kunawa. Tulisikia sala. Tulisikia kifuniko kikiinuliwa. Halafu hatukusikia kitu, na mvua nayo ilikuwa bado.

Mimi nilichungulia kwenye ufa wa ukuta. Mzee wa kofia alikuwa anageuza vipande polepole kwa kidole, kama mtu anayetafuta sindano asichomwe. Akafika chini. Akavirudisha vilivyokuwa, kwa utaratibu, akafunika bakuli. Akasimama, na wenzake wakasimama.

"Baba, kuna nini?" mwalimu akauliza. Na akauliza kwa Kiluhya, mara ya kwanza kumsikia.

"Chukua kofia yako. Tumejibiwa."

"Tumejibiwa nini? Hakuna aliyesema kitu."

"Ndiyo sababu wewe hukusikia," mzee akasema, wala hakusema kwa ubaya. Akamshika babu mkono, akamtakia ng'ombe wake heri, wakatoka. Mvua iliwakuta kwenye miwa.

Babu alikuja jikoni. Mwanamume haingii jikoni kwetu, anasimama nje na kuita, lakini siku hiyo aliinama akaingia, koti na yote, akajaza mlango mpaka kukawa giza. "Iko wapi?"

Shangazi akasema, "Imeliwa."

Babu akanitazama. Nilikuwa bado na kipande shavuni. Nikaacha kutafuna. Nilijua tutapigwa, au mbaya zaidi shangazi atafukuzwa akalale kwa watu, maana wapo waliofukuzwa kwa madogo kuliko hilo.

Nyanya akatoa kijiti mdomoni. "Hiyo kuku ilikuwa yangu," akasema. "Nimeifuga mimi. Na huyu msichana nimemzaa mimi, alikuwa anaongea. Wewe umemsikia lini mara ya mwisho?"

Mvua ilipiga nyasi za paa. Babu akakaa juu ya rundo la kuni. Akavua koti. "Hata mimi," akasema hatimaye, "nimechoka kuambiwa ni saa ngapi."

Nyanya ndiye alianza, kicheko cha puani. Kisha babu. Shangazi alitazama mmoja, akatazama mwingine, kama hajui imeruhusiwa. Halafu akasimama, akabana visigino, akakunja kitambaa cha hewani, akanyanyua kidole, akamwambia babu, "Good afternoon, mzee." Jiko lilipasuka. Babu alicheka mpaka akashikilia ukuta. Akauliza kama paja limebaki, tukamletea bakuli, na akala pale pale jikoni, kwenye kuni, kitu ambacho sikukiona tena maishani. Shangazi aliongea. Aliongea mvua yote, aliongea tukiosha vyungu, alituletea mhubiri na miwani yake na safari hii mhubiri aliipata. Nililala nikimsikia. Ule wepesi niliokuwa nao kifuani nimeupata mara chache tena. Siku nilipofungua duka langu, labda, na siku mwanangu alipopona.

Shuleni nilirudi Jumatatu. Mwalimu hakunifanya lolote. Aliniruka tu. Maswali yalipita kulia kwangu na kushoto kwangu mpaka mwaka ukaisha, na nikapumzika vizuri sana. Nilipoacha shule ilikuwa kwa sababu nyanya aliugua, si kwa sababu ya mwalimu. Baadaye alioa mwalimu mwenzake na wakazeeka pamoja. Nasikia walirekebishana mpaka mwisho na wote wawili walikuwa na furaha. Kila mtu na wake.

Shangazi aliolewa na dereva wa trekta la miwa, mtu mkimya kwa hiari yake, aliyezima injini ili amsikie vizuri. Nilikwenda naye kama ilivyotakiwa, nikambebea watoto watatu, na nyumba ile haikuwa na siku ya kimya. Shangazi alifariki mzee, amechoka kwa maneno.

Vingi vimekwenda. Jiko la nyanya limelimwa miwa. Siagi ile ya kibuyu siwezi kuipata kwa hela yoyote, na vijana wa sasa hawajui kuiga mtu mpaka umwone. Wanakuonyesha picha kwenye simu. Hayo nayalilia, sikudanganyi. Lakini kuna lililokwenda ambalo silitaki lirudi hata kama mgeni wa kupita. Wakati wetu, msichana hakuwa na lugha ya kusema hataki. Ya nyumbani haikuulizwa, na ya shule ilisahihishwa. Ilibidi tumtume kuku.

Leo binti anasema sitaki. Anasema kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili na Kiluhya, l inakaa penye kiti cha r, na mtu wa mbele yake anasikia kilichosemwa, anakasirika au anacheka, lakini amesikia. Ile hofu ya kufungua mdomo imekufa huku kwetu. Mimi huhudhuria matanga ya kila mtu, jirani na adui. Ya hiyo sikwenda.